Mtoto akiuliza, awepo wa kumjibu

Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na tarehe 29 Septemba, sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania huwaachia watoto ibada. Ni Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Mtoto wa darasa la tatu husoma somo mbele ya usharika mzima, wenzake huimba na kutoa ngonjera, wengine huigiza Daudi na Goliathi kwa upanga wa boksi. Wale wadogo kabisa hupandishwa mbele kukariri mstari mmoja wa Biblia, mkono umeng'ang'ania pindo la gauni kwa woga. Wazazi husimama na simu zao kurekodi, na wengi hutoka kanisani wakifuta machozi.

Kinachonishughulisha ni siku zinazofuata. Mtoto aliyekariri mstari wake bila kukosea neno anarudi nyumbani, anavua nguo za kanisani, na mara nyingi hatokei mtu mzima wa kumuuliza mstari ule ulikuwa unasema nini. Mwalimu wake wa shule ya Jumapili ni mtu wa kujitolea, mara nyingi binti au kijana aliyepata kipaimara miaka michache tu iliyopita, na mbele yake wamekaa watoto wa miaka minne pamoja na wa miaka kumi na miwili. Anakaa nao saa moja, pengine na nusu. Saa nyingine zote za juma mtoto yuko shuleni, yuko njiani au yuko nyumbani. Mzazi anayeona amemaliza kazi kwa kumfikisha mtoto mlangoni mwa kanisa amemtwisha kijana yule mzigo ambao Biblia imeuweka mabegani mwa mzazi.

Tuitazame Biblia yenyewe. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 12, Waisraeli wanaagizwa kula mwana-kondoo kwa mboga chungu na mikate isiyotiwa chachu, wamejifunga viuno na kuvaa viatu kama watu walio tayari kwa safari. Agizo hilohilo linasema wazi kwamba iko siku watoto watauliza ibada hii ina maana gani, na wazazi wanapewa la kujibu. Katika Yoshua sura ya 4, baada ya kuvuka Yordani, mawe 12 yanatolewa mtoni, jiwe moja kwa kila kabila, na kusimamishwa Gilgali. Sababu inatajwa palepale: watoto wa baadaye watayaona na kuuliza. Ukizisoma sura hizo mbili pamoja unaona mpangilio uleule. Kwanza kinawekwa kitu cha kuonekana, cha kushikwa au cha kuliwa. Mtoto anauliza. Ndipo mkubwa anasimulia. Sisi tumeugeuza mpangilio huo: tunamjibu mtoto maswali ambayo hajayauliza, na siku anapouliza hatupo.

Mila za familia ya Kikristo, nyingi kati yake, zilizaliwa kwa namna hiyo. Mwaka 1833 Johann Hinrich Wichern alianzisha makao ya watoto maskini nje kidogo ya Hamburg, Ujerumani, yaliyoitwa Rauhes Haus. Ilipofika Majilio watoto wale walikuwa wakimuuliza kila siku: Krismasi ni leo? Mwaka 1839 Wichern akatafuta gurudumu kuukuu la mkokoteni, akalizungushia mishumaa, midogo myekundu kwa siku za juma na mikubwa minne myeupe kwa Jumapili. Kila siku waliwasha mshumaa mmoja zaidi, na watoto wakawa wanajihesabia wenyewe siku zilizobaki. Shada la Majilio linalowaka leo katika sharika na parokia zetu limetokana na swali la watoto ambao hawakuwa na kwao.

Nasikitika kwamba kwa wengi wetu shada hilo limebaki kanisani, karibu na madhabahu, mbali na mikono ya watoto. Nyumbani halina gharama kubwa. Sinia moja, majani mabichi, na mishumaa minne ya dukani, ileile tunayowasha umeme ukikatika. Dar es Salaam na miji mingine ya pwani watu hukata mvinje kuwa mti wa Krismasi. Tawi moja la mvinje linatosha kuzunguka sinia. Mtoto mmoja awashe akisaidiwa, mwingine azime, na mzazi asome aya chache tu kabla ya chakula cha jioni. Jumapili ya pili mtoto wa miaka minne atataka kujua kwa nini mishumaa miwili inaachwa bila kuwashwa nayo ipo pale. Hapo mzazi amepata nafasi ya kusema habari za kungoja: Israeli ilivyomngoja Masihi, na kwamba hata sisi bado tunamngoja. Swali hilo halitaulizwa mbele ya mti uliopambwa taa za rangi kuanzia mwanzoni mwa Desemba.

Pango la Krismasi nalo ni hivyohivyo. Fransisko wa Asizi ndiye aliyetandaza nyasi horini kule Greccio, Italia, usiku wa Krismasi wa mwaka 1223, akaleta ng'ombe na punda wa kweli ili watu waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao Bwana. Parokia za Kikatoliki zinaijua sana kazi hiyo. Nyumbani waachiwe watoto. Watoto wanaofinyanga ng'ombe wa udongo kwa mchezo mwaka mzima wataweza kufinyanga na wachungaji, na ngamia asiyefanana na ngamia apokelewe kwa heshima. Jambo moja wazazi walisimamie: hori libaki tupu mpaka usiku wa tarehe 24. Mtoto atauliza mtoto Yesu yuko wapi, na ataendelea kuuliza kila siku mpaka usiku huo ufike.

Watu wa Kilimanjaro wana mila ambayo sehemu nyingine za nchi zinaionea wivu. Desemba mabasi ya Moshi na Rombo hujaa, ukoo unakusanyika kihambani, ndafu anachomwa, na wengi husubiri wakati huo kubatiza watoto kwa kuwa babu, bibi, shangazi na wajomba wote wapo. Naiheshimu sana safari hiyo. Lakini watoto waliozaliwa mjini mara nyingi huiona nyama na binamu, wakaishia hapo. Pale kihambani, katikati ya migomba, yapo makaburi ya mababu, na juu ya misalaba yameandikwa majina ya ubatizo. Wamisionari, Wakatoliki kwa Walutheri, walianza kazi katika miteremko ile mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ni vizazi vichache tu tangu hapo. Wapo wazee walio hai waliowaona kwa macho Wakristo wa mwanzo wa ukoo wao. Babu akimshika mjukuu mkono asubuhi ya Krismasi akampeleka kwenye kaburi moja na kumweleza huyu alikuwa nani, kwa nini alikubali kubatizwa, ndugu zake walimwambia nini, mtoto yule atajua kwamba imani aliyonayo aliletewa na watu wenye majina.

Kwa familia za Kikatoliki vitu vya kuibua swali vipo tele. Yapo matawi ya Jumapili ya Matawi yanayochomekwa nyuma ya msalaba sebuleni hadi yakauke, kisha yarudishwe kuchomwa yawe majivu ya Kwaresima inayofuata. Ipo rozari ya Mei na Oktoba inayozunguka nyumba kwa nyumba katika jumuiya ndogondogo. Mpeni mtoto kumi moja aiongoze yeye, hata akisitasita.

Vitabu vya picha ni sehemu ya mila hizihizi, na vina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1529 Martin Luther alitoa Katekisimo Ndogo, na kila sehemu yake kuu ilikuwa na kichwa kinachosema hivi ndivyo baba mwenye nyumba awafundishe watu wake kwa urahisi. Alimtaja mwenye nyumba. Mwaka huohuo alitoa upya kitabu chake kidogo cha sala, safari hii kikiwa na michoro karibu hamsini ya kuchongwa mbaoni, kuanzia uumbaji hadi mateso ya Kristo na kuendelea. Alieleza kwamba aliiweka kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida, kwa kuwa picha huwasaidia kukumbuka kuliko maneno matupu, akatamani hata kuta za vyumba zichorwe habari hizo.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1658, kikachapishwa huko Nuremberg kitabu cha Orbis Pictus, kimoja cha vitabu vya kwanza kabisa vya picha vilivyotungwa makusudi kwa ajili ya kufundishia watoto. Mtungaji wake, Jan Amos Comenius, alikuwa askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo warithi wake, Wamoraviani, walifika Rungwe mwaka 1891 na leo wana waumini wengi Mbeya, Tabora na kwingineko nchini. Kitabu kile kina sura 150, nyingi zikiwa za mambo ya kila siku: moto, ndege, mwokaji mikate, fundi viatu, meli. Lakini sura ya kwanza ni ya Mungu na ya mwisho ni ya hukumu. Mtoto aliujifunza ulimwengu wote ukiwa umeshikwa huku na huku na Muumba wake. Sijaona bado kitabu cha watoto cha Kiswahili kilichothubutu kupanga mambo hivyo, na ningependa kukiona.

Kwetu, kitabu cha kwanza cha picha cha watoto wengi kimekuwa kalenda ukutani. Ipo ya parokia, ipo ya dayosisi, yenye Mchungaji Mwema au Karamu ya Mwisho, na mwaka ukiisha haitupwi. Baadaye vikaja vitabu vyenyewe. Biblia ya watoto ya shirika la Kikatoliki la Kanisa Hitaji, iliyoanza kutolewa mwaka 1979, Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, imesambazwa nakala zaidi ya milioni 50 katika lugha nyingi duniani, Kiswahili kikiwamo. Ni kitabu kidogo, hadithi zake fupi, na katika vigango vingi ndicho kitabu pekee chenye picha ambacho mtoto amewahi kukishika.

Picha hizo zimekuja na swali ambalo kila mzazi Mwafrika atakutana nalo. Mtoto anatazama, anatazama tena, halafu anauliza: Yesu alikuwa Mzungu? Usimkemee wala usiruke ukurasa. Mwambie kweli: Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya, na mchoraji alimchora akifanana na watu wa kwao kwa sababu alimpenda. Kisha mwonyeshe wachoraji wengine waliompenda. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma sanaa Makerere, alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 picha kubwa ukutani katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo, Murang'a nchini Kenya, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Humo Kristo ni Mwafrika, na kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa kwake yupo katika nchi ya vilima na migomba ambayo waumini wa pale wanaiona wakitoka mlangoni. Kaskazini mwa Kamerun, katika miaka ya 1970, Wakristo wa kabila la Mafa waliigiza habari za Injili vijijini mwao, wakapigwa picha, na picha hizo zikawa msingi wa michoro inayojulikana kwa jina la Jésus Mafa. Wanawake wanaokwenda kaburini asubuhi ya Pasaka ni wanawake wa kijiji kile, na malaika pia.

Mimi nawataka wazazi wawe na picha za namna zote mbili. Mtoto aliyemwona Yesu wa rangi moja tu atabaki na wazo kwamba mbingu ni ya watu fulani. Na Biblia yenyewe itamsaidia: Yusufu na Mariamu walimkimbizia mtoto Afrika, Misri, aliyebeba msalaba alitoka Kirene, nchi ambayo leo ni Libya, na mmoja wa waliobatizwa mapema kabisa alikuwa mkuu wa hazina wa malkia wa Kushi, akiwa garini mwake akisoma nabii Isaya.

Namna ya kusoma ina uzito kama kitabu chenyewe. Nimeona mzazi akisoma ukurasa mbio, kwa sauti ya taarifa ya habari, ili wamalize wakalale. Mtoto hapati nafasi hata ya kumwona yule mtu mdogo aliye juu ya mkuyu. Mwacheni yeye afunue kurasa. Kama anataka kukaa kwenye samaki wa Yona siku tatu mfululizo, kaeni naye humohumo. Mwonyeshe kwa kidole, muulize huyu anahisi nini, halafu nyamaza. Watoto wengi hujibu baada ya kimya, na wengine huleta swali kesho yake, mkiwa jikoni au njiani kwenda shule.

Na maswali yatakuja makali. Wale ambao hawakuingia safinani walikwenda wapi? Kwa nini Abrahamu alitaka kumchinja mwanawe? Herode aliwaua watoto wadogo, Mungu alikuwa anatazama? Vipo vitabu vinavyokwepa yote haya: Nuhu anatabasamu, twiga anachungulia dirishani, na gharika imekuwa safari ya kwenda mbugani. Sivipendi. Mtoto aliyemzika babu yake, au anayeishi na mama mgonjwa, anajua kwamba dunia haiko hivyo, na kitabu kinachomficha hilo kinamfundisha kwamba Biblia haina habari na maisha yake. Msalaba usifichwe. Unaweza kusemwa kwa maneno mapole yanayolingana na umri, na usisemwe usiku wa manane kwa mtoto mwoga, lakini usemwe, na Pasaka ifuate palepale. Pale mzazi asipojua, aseme hajui. Kumwambia mtoto kwamba tutamuuliza mchungaji au padri Jumapili, kisha kweli mkamuuliza pamoja, ni somo la imani lenyewe.

Katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo anaitaja imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Timotheo, Loisi, kisha ndani ya mama yake, Eunike. Bibi wa kwetu wana silaha ambayo Loisi hakuwa nayo: paukwa, pakawa. Mtoto akisikia mwito huo masikio yanasimama. Basi hadithi ya mwana mpotevu na ianze hivyo, wajukuu waitikie, na kila mwana yule anapoangukia shida nyingine wapewe nafasi ya kusema angefanya nini. Bibi asiyejua kusoma anaweza kushika kitabu cha picha na kusimulia kila ukurasa kwa maneno yake, tena huenda akasimulia vizuri kuliko maandishi ya chini yake. Mwalimu Julius Nyerere, mwishoni mwa maisha yake, aliziweka Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, zikachapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Alijua sikio la watu wake. Nyumba yenye vijana wakubwa kidogo inaweza kusoma beti chache kila jioni, kila mmoja ubeti wake.

Kina baba nawaomba neno moja. Katika nyumba nyingi sala ya jioni imeachiwa mama, naye baba anarudi watoto wamelala. Mtoto wa kiume anayekua bila kumwona baba yake akipiga magoti atajifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba kusali ni kazi ya wanawake na watoto, na akifikisha miaka kumi na mitano ataiacha. Hata kama ni Jumamosi tu, baba amsomee. Na sala isigeuzwe adhabu. Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba akina baba wasiwachokoze watoto wao. Mtoto anayechapwa kwa kusinzia katikati ya rozari atakumbuka fimbo.

Najua vitabu hivi ni ghali, na katika miji midogo havipatikani. Uchapaji wa rangi unagharimu, na vingi vilivyopo madukani ni vya Kiingereza. Mzazi anayejua Kiingereza kidogo atafsiri akiendelea, na picha zitamsaidia. Asiye na kitabu kabisa achukue daftari la kurasa arobaini. Kila Jumapili mtoto achore kile alichokisikia kanisani, mzazi aandike chini yake sentensi moja aliyoisema mtoto, kwa maneno ya mtoto, na tarehe. Mwaka ukiisha familia ina kitabu chake cha picha, na maswali yote ya mwaka ule yamo ndani.

Sharika na parokia zinaweza kufanya zaidi. Sanduku moja la vitabu vya picha ofisini kwa mwinjilisti au katekista, vinavyoazimwa Jumapili hii na kurudishwa Jumapili ijayo, ni gharama ndogo kuliko spika moja ya kwaya. Wachapishaji wa makanisa nao wawape kazi wachoraji wetu, ambao wapo na wanajua, wachore Galilaya kwa uaminifu na wachore pia watoto wa hapa wakiisikia Injili.

Na wewe msomaji ambaye mwaka huu utaombwa kuwa msimamizi wa ubatizo, au utaalikwa kwenye komunyo ya kwanza au kipaimara: bahasha na blanketi watapeleka wengine. Nunua kitabu kimoja cha hadithi za Biblia chenye picha nzuri, cha Kiswahili ukikipata, andika ndani jina la mtoto na tarehe ya siku hiyo, na kabla hujaondoka mkae na wazazi wake mkubaliane ni nani atamsomea na ni siku gani ya juma.